Gongo Moja, Wanawake Watatu

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime. Hadithi hii kuifungua ni kazi yangu, kuifunga ni kazi yenu, na asiyetaka kufikiri aende zake akalale mapema.

Upande wa Voi, kwenye mashamba ya mkonge, walikuwako wanawake watatu, na kila mmoja alikuwa na lake. Wakesho alijua kurusha mpira. Mkono wake ulikuwa mwembamba kama mwiko, lakini mpira ukishamtoka mkononi, mpigaji alibaki kuuliza umepitia wapi.

Saru alijua kupiga. Huyu alikuwa muuza mboga, mwili umejaa, maneno tele, na akilishika gongo la kriketi watoto waliokaa karibu na kamba ya mpaka wa uwanja walirudi nyuma bila kuambiwa.

Mkawasi alijua kuhesabu. Huyo ndiye nitakayemfuata mimi, kwa hiyo msimwache nyuma.

Mkawasi hakucheza hata siku moja. Alikaa kwenye kigoda chini ya ubao mkubwa wenye misumari, daftari magotini, penseli nyuma ya sikio. Kila mpira ukirushwa alitia alama daftarini, akajumlisha, kisha akasimama kutundika namba ubaoni. Namba zenyewe zilikuwa mabamba ya debe yaliyopakwa rangi, na kwa vile madebe yalikuwa haba, bamba la tisa ndilo lilikuwa la sita, uligeuze tu. Miaka kumi na miwili alifanya kazi hiyo peke yake na hakukosea. Watu walisema, "Mkawasi akisema arobaini, ni arobaini." Sifa hiyo aliipenda kuliko leso mpya, ingawa ungemuuliza angekataa.

Na siri yake ilikuwa moja: hakuwa akiutazama mchezo. Alitazama mkono wa mwamuzi, basi. Wenzake wakipiga vigelegele, yeye anajumlisha.

Sasa, kila mwaka palikuwa na mashindano ya siku moja. Timu nne, ova kumi kila upande, na ova ni mipira sita. Asubuhi mnaanza, jioni kombe lina mwenyewe. Mwaka huo Mzee Hasmukh, mwenye duka la vyuma pale mjini, alikuja na gongo lake mwenyewe alilochezea ujanani. Alilinyanyua watu wakaliona.

"Kombe ni la washindi," alisema. "Hili si la mshindi. Nitampa mtu mmoja, yule atakayeifanya siku hii iwe tamu kuitazama. Nimechoka na michezo ya kupigia miayo."

Na kweli, mechi za asubuhi zilikuwa za miayo. Timu moja ilitolewa yote kwa mikimbio ishirini na mmoja, yaani wapigaji wake walikimbia upande hadi upande mara ishirini na moja tu, watu wakaanza kuulizana habari za mvua. Lakini fainali zikakutana timu za Mkonge na Reli. Wakesho alikuwa wa Mkonge, Saru wa Reli. Mkawasi naye alikuwa wa Mkonge, tena Wakesho alikuwa mtoto wa dada yake. Kumbukeni hilo, maana litamchoma.

Mkonge walianza, wakapata mikimbio tisini na minane. Reli wakaingia kuitafuta tisini na tisa. Saru akapiga, akapiga tena. Walipokuwa na themanini na mitano aliupeleka mpira mpaka ndani ya mkonge, mikimbio minne hiyo hata bila kukimbia, na uwanja mzima, wachezaji kwa watazamaji, wakaingia kwenye miiba kuutafuta. Mkawasi akasimama kutundika themanini na tisa. Lakini shingo yake ilikuwa imegeuka nyuma. Alitaka kuona kama mpira umepatikana. Akalitundika bamba kichwa chini, ubao ukasoma themanini na sita, na mpira ulipopatikana hakuna aliyekumbuka hesabu.

Tangu hapo Mkawasi akawa mtazamaji. Mwanamke wa miaka hamsini, ndiyo kwanza anauona mchezo wa kriketi. Alama alizitia daftarini kwa mazoea, lakini kujumlisha aliacha. Aliongeza tu juu ya namba aliyoiona ubaoni. Reli wakipata mmoja, anaongeza mmoja. Moyo unamwenda mbio, na ameipenda hali hiyo.

Ova ya mwisho ikafika. Ubao unasema tisini na miwili. Wakesho anarusha, Saru anapiga. Mpira wa kwanza, mikimbio miwili. Wa pili, miwili tena. Ubao ukasoma tisini na sita; inatakiwa mitatu, na imebaki mipira minne. Mkonge wakashika vichwa.

Wakesho akaufuta mpira kwenye suruali. Wa tatu ulipita chini ya gongo la Saru, ukavikosa kwa upana wa kidole vijiti vitatu vilivyosimama nyuma yake, ambavyo vikiangushwa mpigaji ametoka. Wa nne ulimgonga Saru kwenye kifundo cha mguu, akaanguka chini. Wenzake wakaja kumtoa. Akawaambia, "Niacheni, mguu huu ni wangu." Wa tano ukampita tena, na hapo watu waliokuwa wameanza kuondoka walirudi mbio, mmoja na mtungi wake wa maji kichwani.

Wa sita Saru aliupiga. Alikimbia kwa mguu mmoja, mwingine anauburuta, akafika upande wa pili, akageuka. Wakesho mwenyewe ndiye aliyeukimbilia mpira, akauokota, akaurusha akiwa bado anaanguka. Saru alikuwa anatambaa kwa magoti. Vijiti vikaanguka akiwa amebakisha urefu wa mkono mmoja tu kufika, na mkimbio wa pili haukuhesabiwa. Tisini na saba kwa tisini na minane. Mkonge wameshinda kwa mkimbio mmoja.

Kelele zilizopigwa pale sizielezi. Wazee walikumbatiana na watu wasiowajua. Wakesho alicheza ngoma palepale mbele ya Saru, na Mkawasi naye aliruka, daftari likamwanguka. Akaliinua, akaketi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, akajumlisha.

Ikaja mia moja.

Akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu. Mia moja. Akautazama ubao, akaanza kurudi nyuma alama kwa alama, mpaka kwenye ule mpira uliopotea kwenye mkonge. Hapo akaelewa. Reli walifika tisini na tisa kwenye mpira wa pili wa ova ya mwisho. Mchezo ulikuwa umekwisha. Mipira minne yote iliyofuata, na kile kifundo cha mguu, vilikuwa bure.

Jamani, aibu ile.  Aliiwazia ile karatasi: ukurasa mmoja tu, ukichanika nani atajua? Hakuna mwingine aliyekuwa akiandika, wote walimwachia yeye. Na akisema, watasema nini? Timu yake ndiyo iliyoshinda, na mrushaji ni mtoto wa dada yake. Miaka kumi na miwili itafutika kwa dakika moja, na atabaki kuwa yule mama aliyewaibia Reli.

Hatua chache kutoka pale alikaa Saru, mguu ndani ya karai la maji. Alikuwa analia, anawaambia wenzake, "Nisameheni, nimewaangusha."

Mkawasi akainuka. Alimfikia mwamuzi, akaomba kipaza sauti, na sauti yake ikatoka ndogo.

"Mchezo uliisha kwenye mpira wa pili," alisema. "Reli ndio walioshinda. Nililigeuza bamba, kisha nikaacha kujumlisha. Nilikuwa natazama. Kosa ni langu."

 Kisha mtu akasema nyuma, si kwa sauti kubwa, lakini alisikika, "Na Wakesho si mtoto wa dada yake?"  

Kombe lilipewa Reli, na Mkonge hawakubisha. Hilo halina ugomvi, msiniulize. Ugomvi ni gongo. Mzee Hasmukh alisimama nalo, akawaita wale watatu mbele.

"Wakesho," alisema, "mipira minne ile sijaona mfano wake."

Wakesho alikuwa anatazama chini. "Mzee, nilimuumiza mtu aliyekwisha kushinda. Halafu nikamchezea ngoma mbele ya macho yake. Mwenye haki ni Saru."

"Saru, ulikimbia kwa mguu mmoja."

"Nilitambaa kama mtoto mbele ya wateja wangu," Saru akasema, "kwa mikimbio ambayo haikuhitajika. Hata kukumbuka sitaki. Na huyu Mkawasi angejumlisha vizuri, ningekuwa nimeshaenda nyumbani na mguu mzima, na ninyi nyote mngekuwa mmekwisha kusahau siku hii. Mpe yeye."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaona kwamba Saru hatanii. Wengine wakaanza kusema, ni kweli, bila kosa lile tungeona nini? Wengine wakasema, na ukweli je, nani angeusema?

Mkawasi ndipo alipoona aibu kuliko ile ya kwanza. "Mzee, tafadhali," alisema, "usinipe zawadi kwa kosa langu. Nitalitundika wapi? Kila nikiliona nitauona mguu wa Saru."

"Si la kosa, mama. Ni la kusema."

"Kusema ni deni. Nisingekosea, ningesema nini?"

 Mpaka leo hii, wenzangu, mimi namwona pale amesimama, gongo mkononi, watu mia tatu wanamngoja, na mbele yake wanawake watatu wote wameinamisha vichwa na hakuna anayenyoosha mkono. Alisema atampa mmoja, na neno lake halirudi.

Haya. Wakesho ambaye mipira yake mizuri haikuhesabiwa, Saru aliyeumia kwa ushindi ambao tayari alikuwa nao, au Mkawasi aliyekosea akasema? Wewe hapo mbele, usitazame pembeni. Lishike hilo gongo. Ungemkabidhi nani, na huyo ungemwambia nini ili alipokee?