Baba wa Kazini

Katika kiwanda cha magodoro ambako wafanyakazi hawakupata hata usingizi, Tindwa alisifika kwa kichwa kizito, na mwenyewe hakubisha. Kila alipoomba likizo, bosi wake, Mzee Lukonge, alifoka, "Likizo ya nini? Hapa sisi ni familia. Mimi ndiye baba yenu!"

"Naweza kusema hivyo popote, baba?" Tindwa alimuuliza siku moja.

"Popote!"

Kesho yake bosi aliingia na nundu kwenye paji la uso. "Likizo nimekupa, nenda! Ila niambie, jana ulipopita kwangu ulimwambia nini mke wangu?"

"Mimi mjinga, bosi, nilisema ulichonifundisha: 'Shikamoo, mama. Mimi ni mtoto wa mzee, yule wa kazini. Tuko wengi, kila mmoja na mama yake.'"