Chupa Moja, Wasichana Watatu

"Umeguswa!"

"Khanga imeguswa. Mimi sijaguswa."

"Na hiyo khanga umeivaa wewe au umeivalisha mti?"

"Muulize refa, Mashavu. Refa kasema chupa imejaa, basi imejaa. Nenda kaoge."

Hapo zamani, zamani isiyofika mbali sana, kwenye shamba la mkonge la Kwemsala, wasichana wawili walisimama pua kwa pua katikati ya uwanja, na kati ya miguu yao palikuwa na chupa iliyojaa mchanga hadi mdomoni. Mmoja aliitwa Mashavu, wa Kambi ya Mferejini, mwenye mkono wa kurusha usiokosea. Wa pili aliitwa Hiyari, wa Kambi ya Juu, mwembamba, mwepesi, mgumu kulengwa kama nzi. Na pembeni, juu ya tofali, alikaa Semeni, wa Kambi ya Juu naye. Semeni hakuwa akigombana na mtu. Lakini alisimama, akakaa, akasimama tena, akajifuta mikono isiyokuwa na uchafu, kwa sababu ndani ya ugomvi ule ilikuwemo shule yake.

Rede ya Kwemsala ilichezwa hivi. Wawili wa timu moja husimama huku na huku, wakirushiana mpira wa matambara. Wa timu ya pili huingia katikati mmoja mmoja, akikwepa mpira huku akijaza mchanga kwenye chupa kwa kiganja. Akiguswa, hutoka, akaingia mwenziwe. Wakiisha wote watano kabla chupa haijajaa, warushaji wameshinda. Chupa ikijaa, aliye katikati huisimamisha, hupaza sauti, "Rede!" na timu yake imeshinda.

Tena palikuwa na desturi moja ya Kwemsala peke yake. Aliyeguswa refa akamwona, chupa yake ilimwagwa yote, na mwenziwe alianza na chupa tupu. Lakini aliyeguswa refa asimwone, kisha akajitaja mwenyewe, "Nimeguswa," chupa yake haikumwagwa. Alitoka yeye, mchanga wake ukabaki. Hivyo ndivyo wanawake wa kambi walivyowafundisha mabinti zao kusema kweli.

Mwaka huo akaja Mwalimu Kihiyo, kutoka shule ya bweni ya wasichana waliokatiziwa masomo. Alikuwa na nafasi moja. Hakuwa na mbili, alikuwa na moja. Wasichana wa Kwemsala waliokatiziwa masomo walikuwa wengi, Mashavu na Hiyari wakiwemo, basi Chama cha Wachezaji wa Rede kikakaa, kikaandika kwenye daftari lake: nafasi apewe msichana atakayeipatia timu yake ushindi wa fainali. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza maana ya sentensi ile.

Semeni aliacha shule kidato cha pili, mama yake alipougua akashindwa kuanika singa za mkonge. Mtu wa kuanika alihitajika, akawa yeye. Hata sasa, akitandaza zile nyuzi nyeupe kwenye waya, midomo yake ilikuwa ikirudia sehemu za ua: petali, stameni, ovari. Wenzake walidhani anaomba dua.

Siku ya fainali ikafika. Kura ikawapa Kambi ya Juu kuingia katikati, Mferejini kurusha. Wa kwanza akaguswa, refa akaona, chupa ikamwagwa. Wa pili akaguswa, refa akaona, chupa ikamwagwa. Wa tatu akaguswa mgongoni paa! hata viziwi walisikia, chupa ikamwagwa.

Wa nne alikuwa Semeni.

Mpira ukaja, akainama, akatia kiganja. Mpira ukaja, akaruka, akatia kiganja. Mpira ukaja, akapinda kiuno, akatia viwili. Chupa ikafika nusu. Chupa ikafika robo tatu. Vilibaki viganja vinne tu, naye akaanza kuliona bweni, akaiona na kengele. Mpira ukaja tena. Akauvuta mkono, na mpira ukampitia kwenye kidole cha mwisho, laini kama unywele.

Refa hakuona. Mashabiki hawakuona. Hata Mashavu aliyeurusha hakuona.

"Nimeguswa," akasema Semeni.

Uwanja ukalipuka. "Mjinga huyo!" "Mwacheni, ndiyo rede hiyo!" "Rede gani? Angefunga mdomo tungekuwa tunacheza ngoma sasa hivi!"

Akatoka, chupa ikabaki na mchanga wake. Akaingia Hiyari, wa tano, wa mwisho. Mashavu alikuwa ameshakasirika, na akikasirika hurusha vizuri zaidi. Mpira ukaja, Hiyari akalala chini, kiganja cha kwanza. Mpira ukaja, akaviringika, kiganja cha pili. Mpira ukaja, akaruka juu ya chupa yenyewe, kiganja cha tatu. Kisha Mashavu akarusha chini, chini kabisa, na mpira ukapiga pindo la khanga iliyokuwa imemlegea Hiyari kiunoni. Pindo likaruka. Hiyari hakusema neno. Akatia kiganja cha nne, akaisimamisha chupa.

"Rede!"

Na refa, Bi Mwasiti? Bi Mwasiti alikuwa amekaa chini mchangani, jicho lake likiwa sawa na mdomo wa chupa, maana hivyo ndivyo marefa wa Kwemsala walivyotazama chupa ikikaribia kujaa. Pindo alikuwa amelipa kisogo. Akapuliza filimbi.

Hapo ndipo Mashavu aliporuka, "Umeguswa!" na ugomvi ukaanza.

Ugomvi haukubaki uwanjani. Ulikwenda bombani ukasimama kwenye foleni ya ndoo. Ulikwenda kibarazani kwa wasusi ukakaa.

"Refa gani anakaa chini kama anachambua mchele?" alisema mmoja, nywele zikiwa zimesukwa upande mmoja.

"Ulitaka arukeruke na yeye? Ana magoti ya mwaka gani yule?"

"Basi wawekwe wawili. Mmoja wa chupa, mmoja wa miili."

"Na wa tatu wa khanga!"

Wakacheka, wakagombana tena. Semeni alipita hapo mara tatu. Alikwenda nyumbani akamgeuza mama yake kitandani, akatoka. Alichota maji yasiyohitajika. Kila alipopita, watu walimpisha, kisha wakaanza upya. Gari la kubeba singa lingeondoka saa kumi, na Mwalimu Kihiyo angeondoka nalo, na fomu yake bado ilikuwa na nafasi tupu mahali pa jina.

Saa tisa, Chama kikaitisha kikao ofisini. Mashabiki wakafungiwa mlango, wakajaza madirisha. Mwenyekiti, Bi Tunu Shekivuli, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, akafungua daftari.

"Mashavu, mwanangu, sema."

Mashavu akasimama. "Tangu mama yangu anacheza rede, nguo ni mwili. Khanga ikiguswa, umeguswa. Mimi nimeigusa. Watu wameona, na yeye mwenyewe hakatai. Alikuwa wa tano. Wa tano akitoka, Mferejini tumeshinda. Nani kaipatia Mferejini ushindi? Mkono huu. Basi nafasi ni yangu."

"Hiyari, mama."

Hiyari hakusimama. Akaelekeza kidole kwenye daftari. "Bi Mwenyekiti, fungua Alhamisi iliyopita. Soma."

Bi Tunu akakohoa. Akasoma: mkutano umekubaliana kwamba kuanzia sasa nguo si mwili, kwa sababu khanga hupeperushwa na upepo na ugomvi umezidi.

Kisha madirisha yote yakapiga kelele kwa pamoja.

"Alhamisi?" Mashavu akauliza polepole. "Alhamisi Mferejini tulikuwa zamu ya kuanika. Wote."

"Akidi ilitimia," akasema Bi Tunu. "Katiba yetu inadai nusu ya wanachama, na nusu walikuwepo. Na nilidhani mmesikia. Habari gani ya hapa kambini isiyofika?"

"Hii!" akasema Bi Mwasiti kutoka pembeni. Filimbi bado ilikuwa shingoni. "Mimi ndiye refa wenu na sikuisikia. Ningeliona lile pindo, ningemtoa Hiyari, na ningekuwa nimekosea kwa sheria ambayo sijapata kuambiwa. Sasa sikuliona, na nje wananiita kipofu. Nifanyeje jamani? Niwe na macho kisogoni?"

"Mimi niliambiwa," akasema Hiyari. "Nilikuja mkutanoni, nilisikiliza, niliinua mkono. Mlitaka nijitaje kwa kosa ambalo sheria imelifuta? Niliingia nikiwa wa mwisho, nyuma yangu hakuna mtu. Viganja vinne mnaviona vichache kwa kuwa hamkurushiwa ninyi. Nani kapaza sauti ya rede? Mimi. Basi nafasi ni yangu."

"Sheria mliyoitunga mkinywa chai, sisi tukiwa na singa vichwani," akasema Mashavu.

"Ungeomba ruhusa uje!"

"Kwa nani? Kwako?"

"Watoto, watoto," akasema Bi Tunu. Kisha akageuka. "Semeni. Wewe hujasema."

Semeni akasimama. Akashika ukingo wa meza. Alikuwa ameyapanga maneno tangu uwanjani, na sasa yalikuwa yamekimbia yote.

"Chupa ilikuwa robo tatu," akasema. "Ningenyamaza, ningeimaliza mwenyewe. Hakuna aliyeniona. Nilijitaja, na kwa kuwa nilijitaja haikumwagwa. Hiyari alianzia pale nilipoachia. Kama ingemwagwa, viganja vyake vinne vingeifunika chini tu." Akamtazama Bi Tunu. "Basi nami nasema nafasi ni yangu."

Mashavu akamtazama kwa jicho la pembeni. "Ulipiga hesabu. Ulijua ukijitaja mchanga unabaki. Ukionwa, unamwagwa. Usituletee utakatifu hapa."

Watu wa dirishani wakaguna. Hata Hiyari, mwenzake wa kambi moja, akainua nyusi akingoja jibu.

Semeni alikuwa ameshajiuliza swali hilo bombani, njiani, kando ya kitanda cha mama yake. Alikuwa ameligeuza kila upande, na kila upande lilikuwa na ncha.

"Sijui," akasema. "Mdomo ulisema kabla yangu. Labda nilikuwa nasema kweli. Labda niliuogopa mchanga kumwagika. Nikikwambia najua, nitakuwa nimekudanganya."

Gari la singa likapiga honi ya kwanza huko kiwandani. Mwalimu Kihiyo, aliyekaa pembeni na fomu yake, akatazama saa, akavua kifuniko cha kalamu, akakirudisha, akakivua tena.

"Mimi sichagui," akasema. "Nilikabidhi Chama. Nipeni jina moja. Kesho kutwa nafasi inapewa shamba jingine."

"Tupige kura," akasema Bi Tunu.

"Wapige walewale wa Alhamisi?" akauliza Mashavu.

Bi Tunu akafunga daftari. "Basi aamue refa. Mambo ya uwanjani ni ya refa."

"Ya uwanjani niliyamaliza kwa filimbi," akasema Bi Mwasiti. "Daftari ni lako. Amua wewe."

"Wewe ndiye uliyekuwepo kwenye chupa."

"Na wewe ndiye uliyekuwepo Alhamisi."

Refa akamsukumia mwenyekiti, mwenyekiti akamsukumia refa, na madirisha yakawasukumia wote wawili matusi. Mmoja alipaza jina la Hiyari, mmoja la Mashavu, mwingine akalia, "Mpeni Semeni, hamna aibu?" na mwenziwe akamjibu, "Aibu inajaza fomu?" Honi ikalia mara ya pili. Semeni alikuwa bado ameshika meza. Upande wake wa kushoto alimsikia Hiyari akipumua haraka haraka, na upande wa kulia aliuona mkono wa Mashavu, ule mkono usiokosea, ukiwa umeng'ang'ania meza ileile.

Ndipo Bi Mwasiti alipoinuka kwa shida, akiyashikilia magoti yake. Akauendea mlango, akauvuta kwa nguvu, mashabiki waliokuwa wameuegemea wakayumba wakataka kuangukia ndani. Akavua filimbi shingoni, akawanyooshea, akiwa amesimama papo hapo kizingitini.

"Haya, mnaojua kazi kuliko mimi," akasema. "Mwalimu anangoja jina moja na gari linanguruma. Semeni alijitaja akauacha mchanga. Hiyari akaujaza kwa sheria aliyoijua. Mashavu akaigusa khanga kwa sheria tuliyoijua sote. Shikeni filimbi, mniambie bila kupiga kelele: je, nani alistahili?"