Pindo la Joho la Mirabaraba

Husimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Wasiti paliishi mja mwema aitwaye Wabisa bin Qais, aliyekuwa akiwasomesha watoto Qur'ani. Kanzu yake ilikuwa moja tu, imefuliwa mpaka imekonda, na kwapani imechanika hata alipopeana mkono na watu alibana viwiko kama kuku aliyeloa. Yeye hilo halikumkera. Lakini binti yake Sukaina alikuwa aolewe Ijumaa baada ya sala ya Alasiri, na mzee ndiye walii, mwenye kumwozesha. Atashikana mkono na bwana harusi mbele ya wakwe, na mkono wa walii haubanwi kwapani. Sukaina aliitazama ile kanzu, kisha akatazama pembeni, na hilo lilimuuma baba kuliko maneno.

Siku ya Jumatano akaenda kwa Zurara, fundi wa nguo. Pale dukani lilining'inia vazi kamili, ambalo nyinyi wa leo mngeliita suti: kanzu, kizibao na joho, vyote vya kitambaa kimoja cha mirabaraba, kahawia na nyeupe. Nguo ya mirabaraba humuumbua fundi, maana mistari isipokutana kwenye mshono, bega huonekana limekwenda upande. Hapa mistari ilitoka mkononi ikaingia kifuani bila kukatika. Jicho la Wabisa halikuuona mshono. Kidole ndicho kilichouona, na kilihesabu mishono mingi kuliko haja. Bei nayo ilikuwa chini ya bei ya kitambaa chenyewe.

"Mbona rahisi hivi, Zurara?"

"Kwa heshima ya Qur'ani uliyonayo kifuani, sheikh wangu."

Mzee akafurahi, akalipa, hakuuliza tena. Mnatabasamu, wenzangu? Nani kati yetu hukihoji kitu rahisi? Twaogopa kisije kikajibu.

Adhuhuri ile alisali na vazi lake jipya, mwisho wa safu, kando ya nguzo. Alipoinama kurukuu, mkono wa joho ukavutwa. Ulivutwa taratibu, kama avutavyo mtu mwenye swali. Alidhani ni msumari. Aliposujudu likavutwa bega. Alipotoa salamu kulia palikuwa na jirani yake. Kushoto palikuwa na nguzo tu, na nyuma jamvi tupu. Alasiri akavutwa tena, mgongoni, kifuani, ubavuni. Hapakuwa na hasira katika kuvutwa kule, na hilo ndilo lililomsisimua mwili. Mwisho likavutwa pindo, chini kabisa, kwa nguvu ndogo, kama mtoto anayemwita mama yake. Na palipovutwa, baridi ikampanda mzee muundini, ilhali ilikuwa kaskazi ya joto kali na watu wakijipepea.

Wabisa hakukimbilia kwa mganga. Alikaa msikitini akalipapasa lile vazi, na kila alipovutwa alikuta kipande kilichozungukwa na mishono yake.

Asubuhi ya Alhamisi akarudi dukani. "Zurara," alisema, "nguo hii ina wenyewe. Ni akina nani?"

Sindano ikamponyoka fundi. Akaiokota, akasema yote. Mwaka kile kitambaa kilipoletwa na msafara kutoka Yemeni, mji mzima ulikipenda, na kila mtu alimpelekea chake ashone. Naye akamega kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule, akiwaambia kitambaa kimetosha kwa taabu, kisha akaviunga vile vipande kuwa vazi hili.

"Haba na haba hujaza kibaba, sheikh."

"Hata kibaba cha moto hujazwa hivyo hivyo."

"Basi nirudishie, nikupe pesa zako."

Hapo ndipo mtihani ulipomkaa Wabisa shingoni. Yeye alinunua kwa halali, na harusi ni kesho. Akilirudisha, atasimama mbele ya wakwe na kwapa zake. Akinyamaza, nani atajua? Akasema, "Nikikurudishia utamuuzia mwingine, naye avutwe. Na mimi si msafi. Bei yako iliniambia, nami nikaziba masikio. Ondoka, twende kwa wenyewe."

Wakazunguka mji, Wabisa amelivaa, Zurara akionyesha: kipande hiki cha mwoka mikate, hiki cha marehemu mwuza mafuta. Wengine walicheka, wengine walimkaripia fundi mpaka jasho likamtoka, lakini kila mmoja aligusa kipande chake akasema, "Ni halali yako, Mzee Wabisa." Warithi wa marehemu nao walisamehe, wakamwombea mzee wao. Na kila mwenyewe aliporidhia, mzee alihisi vazi limepungua uzito.

Likabaki pindo. Zurara akasimama mwanzo wa kichochoro. "Huyu simwezi," alisema.

"Ni nani?"

"Nuumani, mtoto wa Bibi Rumaisa. Nilimshonea joho la Idi, likamfika magotini. Akaniuliza, nikamwambia kitambaa kimekwisha. Alikufa kwa homa kipupwe kile kile."

Wabisa akamshika mkono wakaenda. Bibi Rumaisa aliwasikiliza mlangoni bila kuwakatiza. Kisha akaingia ndani, akatoka na joho dogo la mirabaraba.

"Alikuwa akiniambia, 'Mama, miguu inaona baridi.' Nikamwambia, 'Vumilia mwanangu, kitambaa kimekwisha, fundi kasema.' Nilimdanganya mwanangu, wala sikujua."

Zurara akaanguka akilia. "Nisamehe, Bibi!"

"Leo siwezi. Kitambaa nitakipokea."

Wabisa akavua joho, akampa fundi. "Fumua." Zurara akafumua kipande cha pindo, akakaa kizingitini akakishonea kwenye lile joho dogo. Mistari ikakutana na mistari. Bibi Rumaisa akalitandaza magotini. Sasa lingemfika mtoto vifundoni. Akalifunika pindo kwa viganja vyake viwili, kama apashaye miguu joto, akakaa hivyo muda mrefu.

"Nenda kaozeshe, Mzee Wabisa," alisema. "Na wewe, fundi, njoo kesho, na kesho kutwa. Siku nitakayoweza nitakuambia."

Ijumaa mzee alisimama mbele ya wakwe na joho lenye pengo kama jino lililong'oka. Mkwe mmoja akalitazama, akakohoa. Sukaina alikwisha kusimuliwa, na alipotaka baba kulikunja pindo alimwambia, "Liache hivyo hivyo, Baba." Katika Alasiri ile hakuvutwa na yeyote. Na pale penye pengo, muundi wake ulikuwa na joto.

Wazee wetu wamesema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ya dhuluma itasitiri nini? Zurara aliendelea kwenda kwa Bibi Rumaisa na kurudi, miaka, bila kuambiwa neno. Hakuacha. Husemwa kwamba alipofariki, walipomvika sanda, walikuta imepungua kidogo miguuni. Bibi Rumaisa akapeleka kipande chake mwenyewe cha kitambaa cheupe, akasema, "Mfunikeni. Nami nimemsamehe." Tumwombe Mola atukutanishe na wenye haki juu yetu tungali hai.