Nyani Aliyelitapika Jua

Wenzangu, nisimulie?

*Simulia.*

Na nikidanganya?

*Danganya vizuri.*

Haya. Alikuwapo Pimbi, kibinti, kimo chake kama chungu cha mboga, akiishi na bibi yake kwenye pango la mawe. Na kabla hamjauliza, Sungura hayumo. Sungura husifiwa kila siku, leo apumzike.

Basi Korongo akarudi kutoka safari zake za mbali, akatua, akasema: "Siku mwezi utakapokufa, saa sita mchana, jua litapatwa. Giza litaingia."

Waliposikia giza, wanyama wote wakatimka, pu-pu-pu, kila mmoja kwake. Pimbi peke yake akabaki kusikiliza mwisho.

"Mwezi utapita mbele ya jua," Korongo akamalizia. "Giza litadumu pumzi mia, kisha jua litatoka lenyewe. Pa kulionea ni juu ya Mwamba Kipara. Kwingine kote miti imeziba mbingu."

Pimbi akampelekea bibi yake habari. Bibi akasema: "Mjukuu wangu, jambo hili lilishanipita mara moja. Nilikuwa kigoli, wakaniambia nibaki pangoni niwaangalie watoto. Wakaenda, wakarudi, wakasimulia mwaka mzima, na mimi nikawa msikilizaji. Sasa jicho la kushoto limeingia ukungu, la kulia linaaga. Safari hii ikinipita, basi tena."

"Haikupiti, Bibi."

Pimbi akawaambia wenzake pa kulionea, na kikao cha safari kikaitishwa. Mwenyekiti nani? Nyani dume. Alichaguliwa na nani? Na mabega yake.

"Kila mtu alete masurufu," Nyani akasema.

Kanga akasema, mimi naleta mtama. Digidigi akasema, mimi naleta matunda. Nungunungu akasema, mimi naleta viazi vitamu. Kobe angesema naleta matango, lakini alikuwa ameshaanza safari.

"Na wewe, Mzee Nyani, unaleta nini?" Pimbi akauliza.

"Mimi naleta uongozi."

Nungunungu, mtu wa mila, akakumbusha desturi. Jua likipatwa, hakuna kutafuna hata punje, maana anayetafuna ndiye anayelila. Na kila mtu achukue chungu, kibuyu au debe la kupiga, ili mlaji ashtuke alitapike.

"Nimesikia," akasema Nyani, huku anatafuna kiazi cha Nungunungu.

"Sasa nafasi," akaendelea. "Juu ya mwamba nakaa mimi. Nyinyi mtakaa chini, vichakani."

Juu ya ule mwamba, wenzangu, panatosha wanyama ishirini na mizigo yao.

"Vichakani tutaona nini, Mzee?" Pimbi akauliza. "Mimi nina bibi yangu, macho yanamwisha. Anaomba pembeni tu. Hoja ya kumnyima ni ipi?"

"Hoja ni mabega. Bibi yako anayo?"

Kanga akacheka kwa woga. Digidigi akacheka kwa woga. Nungunungu akainama, akajifanya anahesabu miba yake. Pimbi hakucheka. Alirudi pangoni hasira zimemkaba, akakaa mpaka zikapoa zikawa akili.

Siku ikafika. Wakatembea tika-tika, tika-tika, Bibi amemshika mjukuu mkono, mpaka Mwamba Kipara. Nyani akapanda juu, akajilaza chali, mkono huku, mguu kule, mwamba wote wake. Masurufu yakawekwa chini, vichakani.

Jua likaanza kumegwa ukingo. Pimbi akapanda, akapiga goti mbele ya Nyani.

"Shikamoo, Mzee. Nina jambo la aibu. Giza likiingia, sote tutakuwa tumeangalia juu. Masurufu hayana mlinzi. Nimemtafuta mwenye mabega, nimekosa."

Nyani akajikuna tumbo. "Hilo giza litakuwa nene?"

"Mtu hataona hata mkono wake."

"Na nyote mtaangalia juu?"

"Sote, Mzee. Hakuna atakayegeuka."

"Kazi ngumu hiyo," Nyani akasema, ameshasimama. "Lakini uongozi ni kujitolea."

Akateremka, porom-porom-porom. Pimbi akampandisha Bibi. Nyuma yake akapanda Kanga, akapanda Digidigi, akapanda Nungunungu. Kobe walimkuta njiani kuelekea kileleni, wakambeba.

Jua likawa kipande. Kipande kikawa ukucha. Ukucha ukazimika, ti. Ubaridi ukaja, ndege wakanyamaza, nyota zikatoka mchana. Pale lilipokuwa jua pakabaki duara jeusi, na kandokando yake nywele nyeupe za mwanga, zimetawanyika kama za mtu aliyefumuliwa misuko.

Bibi Pimbi akainua uso. Machozi yalikuwa yanamtoka jicho la kulia na la kushoto vilevile. Pimbi alikuwa anahesabu pumzi kimoyomoyo, akafika hamsini, akaacha kuangalia juu, akawa anamwangalia Bibi.

Kutoka chini, katika kile kimya, wakasikia: kachu, kachu, kachu. Mnya, mnya.

Sabini. Themanini.

"Wenzangu," Pimbi akasema kwa sauti, "jua limeliwa, na mimi nasikia mtu anatafuna."

Wote wakasikiliza. Kachu, kachu.

"Ni Nyani," akasema Kanga. "Nyani anakula jua."

"Nyani, tema jua la watu!" wakapiga vyungu, ngo-ngo-ngo, wakapiga vibuyu, ko-ko-ko, wakapiga madebe, kwanga-kwanga.

Nyani alikuwa ameshindilia mashavu yote mawili, yamevimba kama maboga. Akashtuka. Akatema kiazi, twi. Bado giza. Akatema mtama, pwaa. Bado giza. Tisini na tisa. Akatema tunda la mwisho, na papo hapo jua likachomoza ukingoni, jeupe, kali.

Nyani akalitazama tunda. Akalitazama jua. Akajishika tumbo.

"Jamani," akasema polepole, "sikujua kama nimelimeza."

Akakimbia, na hata leo Nyani akila hugeuka geuka, anatazama juu, anatazama chini, anahofia amekula kisichokuwa chake.

Kule mwambani, Bibi akajifuta uso kwa kiganja. "Wale walionisimulia utotoni," akamwambia mjukuu, "kumbe walikuwa hawajui kusimulia." Akaanza kusimulia yeye, na wote wakakaa chini wakamsikiliza.

Ngano nimeitua hapa, mwenye mgongo aibebe.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: mheshimuni mwenyekiti, wala msihoji anachokula. Asingekuwa na ulafi, nani angetutapikia jua?

*Hakuna.*

Mmeona.