Mtaala Usiopingwa wa Mwana Jaha

Hapo zamani, katika mji wa Kisimangodo, alikuwako mjane mmoja jina lake Mwana Jaha, ambaye marehemu mumewe hakumwachia kitu ila nyumba ya mawe yenye ukumbi mpana na ua nyuma yake. Kaniki yake ilikuwa moja, ikifuliwa jioni na kuvaliwa asubuhi. Watu walimhesabu mpumbavu, kwa kuwa alikuwa akilishika neno kama lilivyotoka kinywani mwa mtu. Jirani yake alimwambia siku moja, "Kaa hapa, shoga, unitazamie chungu changu," naye akakaa akakitazama mpaka wali ukawa makaa. Alipolaumiwa akajibu, "Kutazama nimetazama, shoga. Kuepua hukuniambia." Jirani akaenda akamsimulia kila mtu ujinga ule, lakini tangu siku hiyo hakuacha tena chungu chake mlangoni pa mtu na kwenda kupiga soga.

Basi kila alasiri watoto wa wachukuzi na wachota maji, wakisha kutoka chuoni kwa mwalimu wao wa Kurani, walikuja ukumbini kwa Mwana Jaha, naye akawafundisha hesabu, na kuandika barua, na majina ya nyota, na majani ya dawa, na adabu. Ujira wake ulikuwa samaki siku ya samaki, na dua siku isiyo na samaki. Na kiwanja cha nyumba ile kilikuwa hisani ya babu yake Sultani, aliyekitoa kwa sharti moja: kwamba ndani yake pasomeshwe watoto. Siku pasiposomeshwa, kiwanja na nyumba vinarudi kwa mfalme.

Sharti hilo alilijua vizuri Mwinyi Kaimu, mkuu wa Baraza la Elimu, aliyekaa nyumba ya pili. Alikuwa na punda wengi na ua mdogo, na kila alipochungulia ukutani akauona ukumbi wa Mwana Jaha, alikuwa hawaoni watoto. Aliona mahali pa kufungia punda.

Ikawa siku moja akaenda kwa Sultani Madi, akainama, akasema, "Maulana, Mungu akuweke. Katika mji wako kila mtu anafundisha alitakalo. Leo mjane anafundisha nyota, kesho kinyozi atafundisha sheria. Je, elimu haina mlango?"

Sultani Madi alikuwa mtu wa haki, ila alipenda mambo yaishe kabla ya chakula. Akauliza, "Wataka nini, Mwinyi Kaimu?"

"Mtaala, Maulana. Kila mwenye darasa aandike atakayofundisha, ayalete Barazani, nasi tuyapime."

"Haya, na iwe hivyo," akasema Sultani, na mpiga mbiu akatumwa mjini kutangaza kwamba tangu siku hiyo hakuna darasa litakalofundisha ila yaliyomo katika mtaala uliopitishwa na Baraza la Elimu. Na mtaala haupiti mpaka wazee wote watano wa Baraza wawe hawana pingamizi juu ya neno lolote lililoandikwa humo. Mwenye kukosa mtaala mwezi utakapoandama, darasa lake lifungwe.

Mwana Jaha aliisikia mbiu ile akiwa anapepeta mchele, akauweka ungo chini. Aliujua mji wake. Wazee watano wale hawakupata kukubaliana hata juu ya nani atangulie kunawa mikono karamuni. Akatazama ukumbi, na mikeka iliyochakaa kwa kukaliwa, akawaza, "Darasa likifungwa, nyumba imekwenda, na nyumba ikienda, hawa watoto nitawakalisha wapi, na mimi nitalala wapi?" Kisha akamwita mpiga mbiu, akamwambia, "Baba, nirudilie maneno ya Maulana, pole pole, usiache hata moja." Mpiga mbiu akarudia, huku akicheka, maana alijua anasema na mpumbavu. Mwana Jaha akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante, baba. Hayo ndiyo nitakayofanya."

Akachukua ubao mkubwa wa mbao, wa namna wanayoandikia watoto wa chuo kwa wino wa masizi, ambao ukisha kusomwa huoshwa kwa maji. Juu kabisa akachonga kwa kisu: *Haya ndiyo yatakayofundishwa katika darasa la Mwana Jaha.* Chini yake akaandika kwa wino masomo yake yote matano. Akajitwika ubao, akashika kata ya maji na kitambaa, akaenda Barazani.

Wazee walikuwa wameketi juu ya mazulia. Mwana Jaha akapiga magoti. "Nashika miguu, mabwana zangu."

"Marahaba, binti," akajibu Mwinyi Kaimu. "Na maji hayo ya nini? Waona kiu?"

"La, bwana. Ni ya pingamizi."

Wakatazamana wakacheka, kisha wakaanza. Mzee wa nyota akasema, "Hesabu napinga. Mtoto hawezi kuhesabu asipojua kwanza mwendo wa nyota, maana ndiko hesabu ilikotoka." Mwana Jaha akalowesha kitambaa, akaifuta hesabu. Mzee wa hesabu akaruka, "Basi nami nazipinga nyota! Utazijuaje nyota kabla ya kujua kuhesabu?" Mwana Jaha akazifuta nyota. Mzee wa lugha akasema kwamba kuandika barua ni hatari kwa mtu ambaye hajasoma nahau miaka saba, na barua zikafutwa. Mganga wa ikulu akasema majani ya dawa ni siri ya ukoo wake tangu babu wa babu yake.

"Hata mkaratusi, bwana?" akauliza Mwana Jaha.

"Hasa mkaratusi!"

Akayafuta majani. Likabaki neno moja, adabu.

"Hili angalau halina ubishi," akasema mzee wa lugha. "Mtoto afundishwe kumwamkia mkubwa."

"Naam, akianza na mkuu wa Baraza," akasema Mwinyi Kaimu.

"Kwa nini aanze na wewe? Mimi nakuzidi umri!" akasema mzee wa lugha.

"Umri si elimu. Ingekuwa ni umri, angeanza na kobe."

"Unaniita kobe mbele ya mwanamke?"

Sauti zikapanda hata punda wakajibu nje, na mganga akapiga kelele kwamba adabu ya namna hiyo anaipinga, na yule aliyeitwa kobe akasema naye anaipinga. Basi Mwana Jaha akafuta adabu, akaukausha ubao kwa upindo wa kaniki, akauweka mbele yao. Haukuwa na kitu ila yale maneno yaliyochongwa juu.

"Mabwana zangu, kuna neno lililobaki ambalo mmoja wenu analipinga?"

Wakautazama. Mzee wa hesabu akakuna ndevu. "Mbona mtupu?"

Mwinyi Kaimu akatabasamu, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuona mbali. Darasa lisilo na somo, akawaza, litakufa lenyewe. Watoto watachoka, na Sultani hatasema kwamba mimi nimelifunga. Akasema, "Mtupu ndiyo, lakini wapi penye kosa? Mimi sina pingamizi. Leteni mihuri, pilau inapoa."

Basi wakapiga mihuri mitano chini ya ubao, na Mwana Jaha akashukuru, akajitwika, akarudi kwake.

Mwezi ukaandama, na darasa halikufungwa. Mwinyi Kaimu akangoja watoto wapungue, nao wakazidi. Akaegemeza ngazi ukutani akachungulia uani, akateremka mbio, hata kiatu kimoja kikabaki kwenye ngazi, akaenda moja kwa moja ikulu.

"Maulana, amri yako imevunjwa! Yule mjane anafundisha hesabu, na nyota, na kila tulichokifuta. Nimeona kwa macho yangu."

Sultani Madi akakasirika. "Akiwa amevunja amri yangu, nyumba ni yako kabla jua halijatua. Nifuateni nyote." Akaondoka na askari wake na wazee wa Baraza nyuma yake, mpaka nyumbani kwa Mwana Jaha.

Walipoingia ukumbini wakakuta watoto wameketi safu kwa safu, mikono magotini, kimya. Hapana aliyekohoa. Mwana Jaha ameketi mbele yao, naye kimya, na ubao umeegemezwa ukutani. Alipomwona Sultani akapiga magoti akasema, "Nashika miguu, Maulana. Karibu darasani."

"Marahaba. Unafundisha nini, mwanamke?"

"Nafundisha mtaala, Maulana. Tumeufikia katikati."

Sultani akausogelea ubao, akasoma maneno ya juu, akatazama chini akaona mihuri. Akageuza ubao nyuma, akaurudisha mbele. "Mbona hapa hapana kitu?"

"Amri yako, Maulana, ilisema pasiwepo neno ambalo mzee mmoja analipinga. Kila walilolipinga nililifuta. Hayo uyaonayo ndiyo yaliyobaki."

Sultani akawageukia wazee. "Mihuri hii ni yenu?"

Mzee wa hesabu akasema, "Ni yetu, Maulana. Ila ilikuwa karibu na chakula."

"Maulana, asikuzuge!" akapaza sauti Mwinyi Kaimu. "Hapa wamekaa kimya kwa sababu umekuja. Nilichokiona kilikuwa uani!"

"Kweli, ni uani," akasema Mwana Jaha, "na wakati wake umefika." Akapiga kofi moja. "Mapumziko!"

Watoto wakainuka kama njiwa waliorushiwa jiwe, wakatoka mbio. Huko uani mmoja akachora tarakimu mchangani kwa kijiti, wengine wakaanza kuandika ukutani kwa mkaa, wawili wakashindana kutaja nyota za kusini, na mmoja akawa anamnusisha mwenziwe jani na kumwuliza latibu nini. Mwana Jaha akazunguka kati yao, akisahihisha hapa na kuuliza pale.

"Shuhudia, Maulana!" akasema Mwinyi Kaimu. "Hayo yote hayamo katika mtaala!"

"Hayamo, bwana," akajibu Mwana Jaha. "Mtaala ni wa masomo, na hawa wako mapumzikoni. Mbiu ilitaja darasa lifundishe nini. Haikutaja watoto wacheze nini."

"Na wewe unayezunguka kati yao?"

"Mimi nami nacheza. Au wajane wamepigwa marufuku?"

Askari mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Sultani hakucheka. Akamwendea binti mmoja wa mchota maji, aliyechuchumaa penye mchanga. "Mchezo gani huu?"

"Wa mitungi, Maulana. Nakuuliza, ukikosa unatoka. Utacheza?"

"Niulize."

"Mtungi hujaa kwa kata nane. Mama ameteka mitungi mitatu. Njiani mmoja umevuja nusu yake. Amefika na kata ngapi?"

Sultani, aliyezoea kujibiwa na wala hakuzoea kujibu, akasema upesi, "Ishirini na mbili."

"Umetoka, Maulana. Ni ishirini. Kaa pembeni."

Mwana Jaha alikuwa ameupanga mchezo wote, ila hilo hakulipanga. Mwinyi Kaimu akafumba macho kwa furaha. Sultani Madi akautazama mchanga, akahesabu kwa vidole, taratibu, akarudia tena. Kisha akaenda, akakaa pembeni, juu ya kinu kilichofudikizwa, akaanza kucheka, akacheka hata kilemba kikamlegea.

"Ni ishirini," akasema, akifuta machozi. "Mwinyi Kaimu, wewe ungesema ngapi?"

Mwinyi Kaimu akasema jambo hilo lahitaji kupimwa na Baraza.

Basi Sultani akasimama akatoa hukumu. "Mwana Jaha hakuvunja amri yangu, ameitii kuliko nilivyotaka. Nyumba ni yake, na ya watakaofundisha humo baada yake. Na kwa kuwa watoto hawa wanajifunza mapumzikoni, naamuru mapumziko ya darasa hili yaanze wanapofika na yaishe wanapokwenda zao."

"Na somo, Maulana?" akauliza Mwana Jaha, aliyetaka kujua neno lote. "Mtaala umepigwa mihuri mitano, tusipousomesha tutakuwa tumelidharau Baraza."

"Kweli," akasema Sultani. "Somo litafuata baada ya watoto kuondoka, na watakaolihudhuria ni wale walioupitisha mtaala wake, kila siku, mpaka wauhitimu."

Ikawa hivyo. Kila jua lilipokaribia kutua, watoto walitoka wakipigiana kelele za tarakimu, na wazee watano wakaingia, wakavua viatu, wakaketi safu moja mbele ya ubao, mikono magotini, kimya. Watu wa Kisimangodo wakapita dirishani kuwatazama. Na kwa kuwa mtaala ule haukuwa na somo hata moja, hapana mtu, hata mzee wa hesabu, aliyeweza kusema wamefika wapi, wala wamebakiza kiasi gani.