Pimbi na Nyumba ya Ngoma Isiyo na Kuta

Hapo zamani za kale, watoto wangu, siku ambazo wanyama walifagia nyua zao asubuhi na kuazimana chumvi jioni, palikuwa na kilima kimoja kiitwacho Mikuyuni. Juu yake ilisimama mikuyu mikubwa, na ndani ya shimo la shina la mkuyu mmoja aliishi Pimbi na watoto wake. Mnamjua Pimbi? Mdogo kama paka, mkia hana, na akiimba utadhani mtu anaburuta kitanda sakafuni. Lakini kuimba alikupenda kuliko chakula.

Kila baada ya mavuno wanyama wote walikusanyika pale kilimani kucheza ngoma na kutambiana hadithi. Mwaka ule mvua ikawakuta katikati ya shangwe. Nyati akateleza kwenye tope, akaangukia ngoma kuu, pwaa! Ngoma ikapasuka, Nyati akanuna, na wengine wote wakarudi makwao wamelowa chapachapa.

"Hii ni aibu," wakasema. "Tujenge nyumba ya utamaduni. Nyumba ya wote!"

Ikaundwa kamati ya ujenzi. Wakaingia Tembo, Twiga na Bi Kiboko. Kwa nini hao? Kwa sababu walikuwa wakubwa, na katika nchi ile akili ilipimwa kwenye mizani.

Siku ya mkutano Tembo alichora ardhini kwa mkonga wake, kha, kha, kha.

"Kuta za mawe, nene kama mimi," akasema. "Na ngazi ndefu mbele, ili anayekuja aanze kutuheshimu kabla hajafika."

"Na paa liende juu, juu, juu kabisa," akasema Twiga.

"Na sakafu ya mawe yanayong'aa," akasema Bi Kiboko. "Nataka nijione nikipita."

"Na boriti?" akauliza Nyati.

"Si mikuyu hii hapa?" akajibu Tembo. "Tutaikata yote."

Pimbi alisikia moyo ukimpasuka pa! Akanyoosha mkono.

"Samahani, wakubwa zangu. Sisi wadogo tutapandaje ngazi hizo? Na kobe je?"

"Mtakaa nje," akasema Tembo kwa upole mkubwa. "Nyimbo mtazisikia. Hatujakataza mtu kusikia."

"Na kivuli? Na nyumba yangu?"

"Pimbi, mwanangu," akasema Tembo, "haya ni mambo ya ujenzi. Wewe huyawezi."

Wote wakapiga makofi. Pimbi akarudi kwake, akawakumbatia watoto wake na kulia mpaka pua ikaziba. Alikuwa na hasira, tena hasira yenye haki. Wapi angewapeleka watoto? Lakini alipomaliza kulia akapangusa pua, akawaza. Kubishana na kamati hakufai kitu. Basi afanyeje? Akaamua kuisifia.

Kesho yake akamkuta Tembo anaoga mtoni, shwaaa, shwaaa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kulialia tena?"

"La, Mzee. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya hizo kuta. Siku ya ngoma wewe utakuwa ndani, umesimama na pembe zako hizo. Wapita njia watakuona wapi? Watasikia kishindo tu, waseme, 'Lo, huyo bila shaka ni Nyati!'"

Tembo akaacha kuoga. Maji yakamchuruzika masikioni.

"Nyati?"

"Ndiyo, Nyati. Na zile ngazi, Mzee wangu, pamoja na magoti yako... Haya, mimi sijui ujenzi. Kwaheri."

Huyoo, akaondoka mbio. Alimkuta Twiga anakula majani ya mgunga, macho yamefumbwa nusu.

"Bwana Twiga, una moyo wa ajabu. Mwingine asingekubali."

"Asingekubali nini?"

"Paa la juu hivyo! Ukisimama chini yake, shingo yako itaonekana fupi."

Twiga alipaliwa, koh, koh, koh! Katika maisha yake yote hakuwahi kusikia neno "fupi" likitajwa pamoja na shingo yake.

"Paa lingekuwa la chini," Pimbi akaendelea, "ungesimama ukingoni, kichwa chako kikachomoza juu yake, nchi nzima ikakuona. Tena hotuba za Mzee Tembo ni ndefu. Mikuyu ingebaki, ikashika paa yenyewe, ungekuwa unang'ata majani taratibu. Lakini basi, mmeshaamua."

Akamwacha Twiga anajipima shingo kwa kivuli chake.

Bi Kiboko alikuwa ndani ya maji, pua tu ndiyo iliyoonekana.

"Bi Kiboko, hujambo? Ngozi yako leo inameremeta!"

"Sijambo. Ni maji haya, mwanangu."

"Ndiyo maana nakuhurumia. Paa likiwa juu hivyo, jua litapenya, na mawe yale ya sakafuni yatakuwa kikaango. Utakaangwa mzima mzima, tsss!"

Bi Kiboko akatoa kichwa chote.

"Sasa nifanyeje?"

"Mimi ni nani wa kukufundisha? Wajuzi hutaka sakafu ya udongo, ina ubaridi wake. Na maji ya mvua yakitoka kwenye paa huyaongoza yaingie kwenye bwawa, hapo hapo ubavuni. Mtu anatoka kucheza, anajitosa, chubwi!"

"Chubwi," akasema Bi Kiboko, akifumba macho kwa utamu.

Mkutano wa pili ulipoitishwa, Tembo alisimama akikohoa kikubwa.

"Nimewaza usiku kucha," akasema, na wala hakuwaza, alilala fofofo. "Wazo limenijia lenyewe. Tusiweke kuta. Na badala ya ngazi tuweke mteremko wa udongo, mpole, hata mzee apande."

"Ajabu!" akasema Twiga. "Na mimi wazo limenijia lenyewe. Paa liwe la chini, na mikuyu isikatwe. Iwe ndiyo nguzo."

"Na mimi limenijia majini," akasema Bi Kiboko. "Sakafu ya udongo, na bwawa la mvua."

Wakaangaliana kwa wasiwasi, kila mmoja akihofu kwamba wenzake nao wana akili. Ndipo Pimbi akaruka katikati.

"Napinga!" akapiga kelele. "Nyumba bila kuta? Miti ndani ya nyumba? Mtafanya tuchekwe na majirani! Nataka kuta nene! Nataka ngazi!"

"Kaa chini!" wakamfokea wote watatu. "Wewe unajua nini kuhusu ujenzi?"

"Haya, yaishe," akasema Pimbi kwa unyonge, akakaa chini. Alijiuma mdomo mpaka ukamuuma, maana kicheko kilikuwa kinamtoka.

"Ila mlango lazima uwepo," akaongeza Tembo. "Mtu wa heshima haingii ndani bila mlango."

Kazi ikaanza. Mchwa walikanda udongo wa sakafu, ndege kwera wakasuka paa la makuti, nguruwe pori wakachimba bwawa, na kamati ikasimama kivulini ikielekeza. Nyumba ikakamilika, na ilikuwa nzuri, msione nacheka. Upepo ulipita humo bila kuzuiwa na mtu. Kobe alipanda mteremko bila kupumzika. Na mbele kabisa, peke yake, bila ukuta kulia wala kushoto, ulisimama mlango wa Tembo.

Siku ya ufunguzi wanyama wote walikuja. Lakini kabla ngoma haijalia, ugomvi ukazuka.

"Nyumba hii ni wazo langu," akasema Tembo. "Basi mwenyeji ni mimi. Nitakayemwita ndiye atakayeingia."

"Wazo langu!" akasema Twiga.

"Langu!" akasema Bi Kiboko.

"Tukiwa wenyeji sote watatu je?" akasema Tembo, aliyetaka amani kila aliposhindwa. "Sisi tutakaa ndani. Wadogo wakae nje kwa zamu, wasije wakatuchafulia sakafu."

Moyo wa Pimbi ukashuka hadi miguuni. Kazi yote ile, na bado watoto wake waimbie juani? Hapana. Hata kidogo. Akainama mbele yao.

"Mmesema kweli, wakubwa zangu. Lakini mtaingia hivihivi tu, kama kuku? Watu wenye heshima hupiga hodi. Jipangeni nje ya mlango, nchi nzima iwaone mkiingia."

Neno "heshima" likawaingia kama asali. Wakatoka, wakajipanga mbele ya mlango ule uliosimama peke yake, vifua mbele.

Sasa, watoto wangu, mnajua na wao walijua: mtu akipiga hodi hasogei mpaka aitikiwe. Na anayeitikia kutoka ndani, huyo ndiye mwenye nyumba. Hivyo ndivyo walivyolelewa, wakubwa kwa wadogo.

"Hodi!" akanguruma Tembo.

Kimya.

"Hodi jamani!" akasema Twiga.

Kimya. Wangeweza kupita pembeni ya mlango, ukuta haukuwapo! Lakini hawakuthubutu, ingekuwa utovu wa adabu. Wakabaki wameganda, wanatazama ubao wa mlango. Nyuma ya ubao huo, huku na huku, pande zote zisizo na kuta, chwa, chwa, chwa, sungura, panya, kobe, digidigi, kindi na watoto wote wa Pimbi walikuwa wanaingia na kujikalia.

"Hodi!" wakaita wote watatu.

Hapo ikasikika kutoka ndani sauti ya kitanda kinachoburutwa:

"Karibuniii! Karibuni ndani, wageni wetu! Nyumba ni yenu!"

Mkonga wa Tembo ukalegea.

"Wageni?" akanong'ona Bi Kiboko. "Tumekuwa wageni?"

"Tumeitikiwa," akasema Twiga kwa huzuni. "Tufanyeje? Tuingie."

Wakaingia mlangoni mmoja mmoja, wamefuta miguu, wakasubiri kuonyeshwa pa kukaa, kama wageni wafanyavyo. Pimbi akawaonyesha. Tembo alipewa nafasi pembeni, wapita njia wamwone. Twiga akawekwa ukingoni penye majani. Bi Kiboko akakaa karibu na bwawa. Hapakuwa na aliyekosa nafasi, maana nyumba iliwatosha wote tangu mwanzo.

Ngoma ikalia, ti-ti-ti-ndu! Tembo akawa anatazama paa, anatazama mikuyu, anatazama vifaranga vikikimbizana kwenye mteremko, na taratibu kitu kikaanza kumkereketa kichwani.

"Pimbi," akasema. "Nyumba hii hasa, nani aliyeibuni?"

Pimbi akamtazama kwa macho ya asiyejua kitu.

"Ni ninyi, Mzee wangu," akasema. "Mimi si nilipinga?"

Na mimi niliyewasimulia naishia hapa, nanyi mshike moja tu: anayetaka sifa mpe zote, mradi wewe na wenzako mpate pa kukaa.