Uwanda Uliozungushiwa Waya

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja mjane. Mumewe alimwachia uwanda mpana wa nyasi, wenye migunga mikubwa hapa na pale. Enzi za uhai wake, mume huyo kila mwaka alimruhusu mfugaji jirani kupitisha ng'ombe pale. Walikula, wakakanyaga, wakaacha samadi, wakaenda zao. Na kiangazi kilipoanza, wanaume hao wawili walichoma nyasi kavu, kipande kidogo kidogo, wakisimamia moto mpaka uzime.

Mume alipofariki, mama akasema, "Hiki ndicho kilichonibakia cha mume wangu. Hakiguswi." Akazungushia waya.

Mwaka huohuo mvua zikakatika. Mfugaji akaja, kofia mkononi.

"Shemeji, naomba ng'ombe wapite kama zamani."

"Hapana, shemeji. Watapavuruga."

"Marehemu alipenda wapite."

"Marehemu hayupo."

Je, alikuwa mama mbaya? Hata kidogo! Alikuwa analinda alichokipenda. Na mvua ziliporudi nyasi zikamfika kiunoni, alisimama akazitazama, akalia kwa furaha.

Lakini mwaka wa tatu nyasi zilizokufa zilikuwa zimelaliana, za kijivu, zimefunika machipukizi yasione jua. Vichaka vya miiba vikaingia. Kwale wakahama. Mwaka wa sita, moto ukatokea upande wa barabarani. Nyasi kavu za miaka sita! Nani angeuzima? Uliteketeza hata ile migunga mikubwa, ambayo mioto midogo ya zamani haikuwahi kuidhuru.

Asubuhi yake mama alikata waya kwa mikono yake, akaenda mbio kwa mfugaji.

"Shemeji, nisamehe, nilikosea. Mvua zikinyesha nyasi zikaota, lete ng'ombe wapite. Bila wao uwanda utakufa tena."

Mfugaji akamshika mkono, akampeleka zizini. Zizi tupu.

"Walikufa, shemeji. Mwaka uleule uliponikatalia. Wengine walifia palepale kwenye waya wako, upande wa kwangu, wakitazama nyasi."

Mama akakaa chini.

Ndugu zangu, mnadhani namsema mama huyo? Ni sisi. Nasi tuna nyumba tulivu ambazo hatutaki zivurugwe. Tumemfungia nje ndugu anayetuambia ukweli, kwa sababu maneno yake yanatukanyaga. Tumekwepa ugomvi mdogo wa leo, tukarundika nyasi kavu za miaka. Tunaomba, "Bwana, tupe amani," kumbe tunaomba tusiguswe. Na tukiwa ndani, tunafurahia ukimya wetu, hatuulizi yule tuliyemfukuza anaishije.

Mimi mwenyewe nilikuwa na ndugu wa namna hiyo. Nilimfungia mlango miaka minne. Nilipokwenda kumfungulia, nilikuta watu wamekaa msibani.

Wewe wa kwako bado yu hai? Basi usingoje nimalize kuhubiri. Inuka, mlango ule pale. Nenda.